Kibuyu cha Kusomea

Asubuhi kwa Bibi Agripina ilianza na mlio wa kinu. Alitwanga mtama mbele ya nyumba, kuku wakimzunguka miguuni, na huku akitwanga aliimba. Siku hizo hakuimba nyimbo za kanisani. Aliimba ba be bi bo bu. Mchi ukishuka, ba. Ukishuka tena, be. Na pale barazani, juu ya ngozi ya mbuzi, mjukuu wake Lea aliitikia, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama mpini wa jembe.

Mguu huo ulikuwa umefungwa plasta ngumu, ile ambayo watu huiita hogo. Wakati wa kuvuna alizeti, Lea alipanda juu ya magunia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Gurudumu likaingia shimoni, magunia yakaporomoka, naye akaporomoka nayo. Mfupa wa paja ukavunjika. Hospitali walimtibu, wakamfunga, wakamrudisha nyumbani na agizo moja: atulie mpaka mfupa ushike.

Kutulia ni rahisi kusema. Lea alikuwa mtoto wa kushindana na ndama mbio. Sasa alishinda amekaa, akichambua mawe kwenye mtama. Mama yake, Joyce, alipikia madereva wa malori chakula kule Shelui, akawa anakuja nyumbani Jumapili. Shule ilikuwa ng'ambo ya kilima, na darasa la kwanza Lea alikuwa hajalikalia hata vizuri.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Mazengo, alikuja kumwona mgonjwa. Alimpa pole, akakaa, akanywa uji. Kisha akasema jambo lililobaki pale nyumbani hata baada ya yeye kuondoka.

"Mama, Januari shule ikifunguliwa, mlete. Nitampa kitabu asome. Akisoma, anaingia la pili na wenzake. Asiposoma, itabidi aanze upya la kwanza."

Lea alingoja mpaka baiskeli ya mwalimu ilipopotea kwenye kona. Akauliza, "Bibi, nitakaa na wale wanaolilia mama zao?"

"Hutakaa nao," Bibi akasema.

Basi neno likawa limeshatoka. Na Bibi Agripina hakuwa mtu wa kulirudisha neno lake mfukoni.

Yeye mwenyewe alisoma mpaka darasa la nne, zamani, kabla baba yake hajasema inatosha. Alijua kusoma kitabu cha nyimbo na maandishi kwenye mfuko wa mbegu. Akafundisha kama alivyofundishwa. Alianza na a e i o u, akaja ba be bi bo bu, akaenda hivyo mpaka za ze zi zo zu, kwa mdundo wa mchi. Lea alikuwa na sikio jepesi. Haukupita muda mrefu akaziimba zote bila kukwama. Joyce aliponunua kitabu kimoja cha kusomea, chenye picha za wanyama, Bibi alimsomea Lea kila siku, na Lea akasoma nyuma yake. Punde akawa anasoma peke yake. Huyu ni kuku. Kuku ana vifaranga. Huyu ni mbuzi. Mbuzi anakula majani. Alisoma kwa sauti ya mtoto aliyeshiba, kidole kikitembea juu ya mistari.

Bibi alijawa fahari mpaka akashindwa kuificha. Kisimani alisema. Kwenye mashine ya kusaga alisema. Jumuiya ya sala ilipokutana nyumbani kwake Jumapili moja, baada ya sala, alimwita Lea mbele za watu.

"Msomee shangazi zako ukurasa wa kuku," akasema.

Mama mmoja aliyekuwa karibu akamfungulia kitabu. Lea akakishika, akakohoa kidogo kama mhubiri, akasoma. Huyu ni kuku. Kuku ana vifaranga. Vifaranga ni wengi. Watu wakaanza kupiga makofi. Lakini mjomba wake Enock, mtoto wa mwisho wa Bibi, alikuwa amesimama nyuma ya Lea. Alichungulia kitabu, akageuza shingo, akachungulia tena. Kisha akacheka mpaka akashika nguzo.

"Mama," akasema, "kitabu kimefunguliwa kwenye ukurasa wa mbuzi. Huyu mtoto hasomi. Umefuga kasuku."

Watu wakacheka, wengine kwa kufunika mdomo. Lea alivuta kitenge akajifunika uso. Bibi alisimama na sahani ya karanga mkononi, hajui aiweke wapi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Martina, jirani wa upande wa pili wa ua wa minyaa, anayefundisha watoto wa awali pale parokiani. Watu walipotawanyika, alibaki akisaidia kuosha vikombe.

"Mama," Martina akasema, "yule mtoto ana kichwa kizuri. Ukurasa mzima ameushika kwa sikio. Kesho nitapita."

"Upite kufanya nini? Umesikia walivyosema."

"Nimesikia. Kasuku hana kosa. Anasema alichosikia. Sisi tumpe na cha kuona."

Kesho yake alasiri Martina alikuja. Lea alimwamkia shikamoo kutoka ndani ya kitenge. Martina hakumlazimisha kutoka humo. Alichukua kijiti, akaandika chini kwenye vumbi, ko. Akasema ni ya familia ya ka, akauliza hii inasema nini.

Kitenge kikashuka kidogo. Midomo ya Lea ikaanza kucheza. "Ka, ke, ki, ko," akasema. "Ni ko."

"Vizuri. Na hii?" Akaandika mu, akasema ni ya familia ya ma.

"Ma, me, mi, mo, mu. Mu."

Kisha Martina akaandika so na lu, na safari hii hakusema ni za familia gani. Lea akapotea. Alianza ba be bi, akaacha, akaanza tena.

Bibi aliona mwenyewe. Martina akamweleza taratibu. Ni kama mtu anayejua njia ya kwenda Shelui kwa kuanzia mlangoni kwake tu. Mteremshe katikati ya njia, hajui aelekee wapi. Lea alijua wimbo wote, lakini hakuijua silabi hata moja akiikuta imesimama peke yake.

"Kwa hiyo wimbo ni mbaya?" Bibi akauliza. Ulikuwa wimbo wa shule yake.

"Wimbo si mbaya, mama. Umefungua sikio. Ila sasa tuuvunje vipande, mtoto avijue kimoja kimoja. Una kitu cha kuandikia? Kigumu, kisichochanika."

Bibi alitazama huku na huku. Karatasi hakuna. Mlango wa nyumba ni mmoja, haukatwi vipande. Akaingia jikoni, akatoka na kata ya kibuyu iliyopasuka, ile aliyokuwa akichotea maji ya kuku. Akaipiga kwenye jiwe, ikawa vipande.

Na hapo ndipo Bibi alipoingia kwenye kazi yake mwenyewe. Maana tangu ujana alijua kupamba vibuyu. Alichoma msumari kwenye moto wa jiko, akaushika kwa kitambaa, akapitisha ncha nyekundu juu ya kipande. Moshi mwembamba ukapanda. Pale alipozoea kuchora mistari na vidoti, akachora ka. Kwenye kingine akachora ta. Kingine, ma. Maandishi yakakaa meusi, mazuri, hayafutiki kwa jasho la mkono.

Lakini kipande cha kibuyu hakina juu wala chini. Lea alikishika kimoja, akakigeuza, herufi zikasimama kwa kichwa. Bibi akafikiri. Akachoma mstari mmoja chini ya kila silabi.

"Hii ni ardhi," akamwambia Lea. "Herufi isimame juu ya ardhi. Ukiona ardhi iko juu ya kichwa, ujue umeipindua dunia."

Lea akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Martina alimwonyesha Bibi namna ya kuendelea. Herufi isiitwe kwa jina lake, itolewe sauti yake. Ukimwambia mtoto em na a, atasema ema. Mfumbe midomo, mmm, kisha umfungulie, aaa. Mmmaa. Mwenyewe atasikia ma. Aanze na silabi chache, azijue kabisa, ndipo zije nyingine. Na kila siku vipande vichanganywe, visipangwe kwa wimbo.

Lea akaweka ka. Akaweka ta pembeni yake. Akatazama. Midomo ilicheza, lakini safari hii haikuanzia mbali.

"Ka. Ta," akasema. Kisha akasema kwa haraka, "Kata." Akanyanyua macho. "Bibi, kata. Si ndiyo hii uliyoivunja?"

"Ndiyo hiyo," Bibi akasema.

"Sasa ipindue," Martina akasema. "Ta itangulie."

Lea akabadilisha. "Ta. Ka. Taka." Akavitazama vipande viwili kama mtu aliyeona mbuzi akizaa ndama. Vilevile, lakini neno jingine. Akairudisha ka mbele, akaongeza ma katikati, akasoma kamata, akamkamata kuku aliyekuwa anapita.

Siku zikaenda. Bibi alimaliza kata, akaanza kibuyu cha maziwa kilichokuwa na ufa. Vipande vikajaa ungo. Lea alivipanga juu ya ngozi ya mbuzi, akitunga mama, kaka, kuku, tatu, kama. Neno ambalo hakulielewa kwa Kiswahili, Bibi alimweleza kwa Kinyiramba. Mwanzoni alifanya hivyo kwa kunong'ona, kama anayeiba. Martina alimkuta, akamwambia asinong'one. Mtoto akijua jambo kwa lugha ya mama yake, neno la Kiswahili lina mahali pa kukaa.

Si kwamba yote yalikwenda laini. Siku nyingine Bibi alimng'ang'aniza Lea mpaka jua linazama, kwa kuwa Januari ilikuwa inakuja. Lea akasukuma ungo kwa mguu mzima, akasema vipande vinanuka. Bibi alitaka kumfokea. Akameza. Kesho yake alimuuliza Martina, na Martina akasema kipindi kiwe kifupi, na kiishe mtoto angali anakitaka. Tangu hapo Bibi alikusanya vipande Lea akiwa bado anaomba neno moja zaidi. Kesho yake Lea ndiye aliyeuita ungo.

Na kitabu cha wanyama? Kilirudi. Lakini sasa Bibi alifunika picha kwa kiganja, akafungua popote, akaweka kidole katikati ya ukurasa. Lea akimaliza kusoma, aliulizwa: nani amefanya nini? Eleza kwa maneno yako. Maana kusoma bila kuelewa, Bibi alikuwa ameshaonja aibu yake.

Alasiri moja Lea alipanga neno peke yake. Ka, la, nga. Akamwita Bibi aone. Bibi akasoma kalanga, akasifu, akampa karanga za kweli kiganjani. Martina alikuwa anapita na ndoo. Akasimama.

"Imekosea kidogo," akasema. "Ni ra, si la."

"Kalanga," Bibi akasema.

"Karanga."

"Si ndivyo ninavyosema? Kalanga."

Martina aliweka ndoo chini, akacheka, na Bibi naye mwishowe akacheka. Wanyiramba wengi ndivyo wanavyotamka, Martina akasema, na yeye pia kwa mama yake hutamka hivyo. Nyumbani hakuna anayekamatwa. Lakini kwenye maandishi l na r ni watu wawili. Kula ni kula ugali. Kura ni ile unayopiga siku ya uchaguzi. Ukiandika umekwenda kupiga kula, msomaji atauliza ulikwenda kumpiga nani.

"Sasa nitajuaje?" Lea akauliza. "Bibi akisema, zote ni moja."

"Kwenye l ulimi unagusa juu na kutulia. Kwenye r unatetemeka, kama mashine ya kusaga. Rrrr."

Basi Bibi na mjukuu wakawasha mashine. Rrrr. Rrrr. Kuku walikimbia uani. Ulimi wa Lea uliwaka mapema. Ule wa Bibi ulikuwa umetulia miaka mingi, ukagoma. Alijaribu akitwanga, alijaribu akipika. Lea ndiye aliyekuwa anamsahihisha sasa, kwa adabu, mkono mdomoni ili asicheke.

"Bado kidogo, Bibi. Washa tena."

Mvua za kwanza zikanyesha. Plasta ilikuwa imekwishatolewa, na Lea alitembea kwa kuchechemea, kisha kwa kuchechemea kidogo. Shule zikafunguliwa. Asubuhi hiyo Enock alikuja na baiskeli, kwa sababu kilima kilikuwa kirefu kwa ule mguu. Alimpakia Lea nyuma, Bibi akafuata kwa miguu, kavaa kitenge chake cha Pasaka. Njiani Enock alitania kwamba kasuku leo anakwenda kupimwa mabawa.

Ofisini, Mwalimu Mazengo alimwamkia Bibi shikamoo, akampa kiti. Enock alisimama mlangoni. Mwalimu akatoa kitabu. Bibi alilitazama jalada. Hakikuwa kitabu cha wanyama. Lea alikuwa hajawahi kukiona maishani mwake.

Mwalimu alifungua katikati, akaweka kidole kwenye mstari. "Anzia hapa."

Lea aliangalia. Bibi aliona midomo yake ikicheza. Alifunga macho. Kama itatoka ba be bi, alijisemea, basi hata mimi nitaanza upya la kwanza.

"Siku ile," Lea akasoma, polepole, "watu wa kijiji waliamka mapema. Walikwenda kupiga ku..."

Akasimama. Kisha ikasikika sauti ndogo, kama mashine ya kusaga ikiwashwa mbali. Rrrr. Mwalimu akainua kichwa.

"Kura," Lea akasema. "Walikwenda kupiga kura. Baadaye walirudi nyumbani kula."

Mwalimu akamgeuzia ukurasa mwingine. Akasoma. Akamfunikia picha. Akasoma. Akamuuliza wale watu walikwenda kufanya nini, naye Lea akaeleza kwa maneno yake, akaongeza na ambayo hayakuandikwa, kwamba lazima walikuwa na njaa, kwa kuwa waliamka mapema.

"Nani amekufundisha?"

"Bibi."

Mwalimu akamgeukia Bibi. "Mama, kumbe ulikuwa mwalimu?"

"Nilisoma mpaka la nne," Bibi akasema. "Jirani yangu Martina ndiye aliyenionyesha njia. Mimi nilichoma vibuyu."

Ilibidi aeleze vibuyu ni vipi, na Lea akatoa mfukoni kipande kimoja, kile cha ka, ambacho alikuwa amekuja nacho kwa siri. Mwalimu alikigeuza mkononi. Akauliza ule mstari wa chini ni wa nini. Lea akamwambia ni ardhi. Mwalimu akaomba Bibi aje siku moja awaonyeshe walimu wa la kwanza. Kisha akampeleka Lea mwenyewe, kwa mkono, mpaka mlango wa darasa la pili.

Bibi alirudi kwa miguu kilima chote. Hakusimama kisimani kumwambia mtu. Safari hii hakuona haja. Wenzake Lea walikuwa na midomo, na jioni habari ilifika kisimani kabla Lea hajafika nyumbani.

Jumapili iliyofuata Joyce alikuja kutoka Shelui. Lea alimsomea maandishi ya mfuko wa sukari, ya boksi la sabuni, na ya fulana yake mwenyewe. Joyce akasema ngoja nikae kwanza. Alasiri akaja Enock. Alikuja na binti yake mdogo, Anastazia, ambaye alikuwa anaanza la kwanza. Alisimama uani, akakuna kichwa.

"Mama," akasema, "nilikuwa nawaza. Huyu naye umchomee vile vipande."

Bibi alikuwa anapepeta. Lea ndiye aliyeinuka, akachukua ungo wake, akachagua. Akapanga vipande vitatu juu ya ngozi ya mbuzi, mbele ya viatu vya mjomba wake.

"Mjomba, soma."

Enock akainama. "Ka. Su. Ku." Akanyooka taratibu, anajua sasa alikopelekwa. "Kasuku. Haya, nimekoma."

"Bado," Lea akasema. Akatia mkono kwenye ungo, akatoa kipande kimoja tena, akakiweka mbele ya vile vitatu. Akakisawazisha vizuri, ardhi ikae chini.

Enock akasoma. Alisoma kimya kwanza, kisha kwa sauti, kwa kuwa wote walikuwa wanamngoja.

"Si kasuku."

Joyce alicheka mpaka akafuta machozi. Bibi Agripina aliweka ungo wa mtama chini, akaenda kuuweka msumari motoni.

"Enock," akaita kutoka jikoni, "panda darini ulete kibuyu. Chagua kikubwa. Na ukishuka, kuna karanga kwenye sahani."

Neno karanga alilisema vizuri kabisa, ulimi ukitetemeka mahali pake. Lea alilisikia, akapiga makofi.